Sinema ya Kwanza Mlangoni kwa Fundi

Enzi za Mwingereza, kila gari la serikali la sinema lilipofika Arusha, kitambaa cheupe kilitundikwa kati ya nguzo mbili uwanjani, na watu wakajaa pande zote mbili. Waliowahi walikaa mbele. Mimi, karani wa ghala la kahawa, nilitoka kazini nimechelewa, hivyo miaka yote nilitazama nikiwa nyuma ya kitambaa. Picha zilionekana vizuri tu, wala sikudhani nakosa kitu.

Sikuwa na mtu mjini. Baba alifariki mwaka uleule niliohama kijijini kwetu Akheri, na chumbani kwangu ukuta ndio ulionisikiliza. Ila kila Jumapili, nikitoka kanisani, nilipita barazani kwa fundi cherehani mmoja, mzee Mwislamu aliyetoka Pangani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Haya, ya kwanza ni ipi leo?"

Hapo ndipo wiki yangu ilipoanza. Tulikuwa tukibishana ni sinema zipi kubwa kuliko zote, kana kwamba dunia nzima ilitusubiri sisi wawili tuamue. Nyuma ya mlango wake, kwa chaki ya kukatia nguo, alikuwa ameandika namba, moja hadi kumi. Tisa tulikubaliana, kwa kelele nyingi. Nafasi ya kwanza ilibaki wazi. Yeye aliitaka ile ya mnene anayekimbizwa na bata. "Ikikuchekesha una njaa, hiyo ndiyo sinema," alisema. Mimi niliitaka ile ya mkulima anayesimama shambani kumpungia mwanawe anayekwenda mjini, kwa sababu alimpungia kwa mkono wa kushoto.

Baba yangu alikuwa mtu wa mashoto. Kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumdharau, na shuleni walimchapa mkono ule mpaka akajifunza kutumia wa kulia. Lakini akizidiwa na furaha au majonzi, wa kushoto ulimtoroka. Siku nilipoondoka nyumbani alisimama migombani akaninyanyulia huohuo. Sikumwona tena akiwa hai.

Nilipomweleza fundi hayo, aliacha kukanyaga cherehani.

"Pole, mwanangu. Lakini yule wa kwenye picha anapunga kwa mkono wa kulia. Nimemwona mara mbili."

Ningecheka, yangeisha. Lakini hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia watu wa pwani hata msibani hawaachi mzaha, nikaondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata nikapita njia nyingine, na iliyofuata tena, miezi mizima, nikiuambia ukuta kwamba yeye ndiye atakayekuja kuomba radhi.

Picha ile ilirudi. Siku hiyo niliomba ruhusa kazini nikakaa mbele kabisa, nipate ushahidi wa kumnyamazisha. Mkulima akasimama shambani, akanyanyua mkono wa kulia. Nikainuka nikakimbilia nyuma ya kitambaa, watu wakinipigia kelele nikae chini. Huko alikuwa akipunga kwa wa kushoto.

Asubuhi yake nilikwenda barazani. Cherehani haikuwapo. Jirani aliyekuwa akifagia akaniambia macho ya fundi yalikuwa yameharibika, na wapwa zake walikuja kumchukua wiki mbili zilizopita.

"Alikuwa akikuulizia kila Jumapili," alisema. "Tulidhani umehama."

Mlango ulikuwa wazi. Nikausukuma nitazame nyuma yake. Mnene na bata hawakuwamo popote. Katika nafasi ya kwanza, kwa herufi za mtu asiyeona vizuri, alikuwa ameandika: *Baba wa mashoto.*

Nimeona sinema nyingi tangu hapo, hata za rangi, nami hukaa mbele siku zote. Nikitoka huwa nina hoja nzuri sana, na hutembea nazo peke yangu mpaka chumbani.