Kofia ya Vipande vya Hariri

Theopista hakujua kutupa. Alichofagia fundi wa blauzi za sari kule Mchafukoge, yeye alikizoa kwenye kapu akakibeba hadi Kariakoo: vipande vya hariri visivyofika kiganja, nyuzi zilizofumuka, pindo zilizounguzwa na pasi. Miaka hiyo kitambaa kilipatikana kwa foleni, tena kwa kujuana. Vipande vilivyoshikika aliviunga vikawa foronya na vilemba. Vilivyochoka alivichambua akajazia mito. Nyuzi akazisokota kamba za magagulo. Balozi wa nyumba kumi akamsifu mkutanoni, eti huko ndiko kujitegemea. Theopista aliona haya, maana yeye alikuwa akitafuta kula tu.

Kibaraza alichowekea cherehani kilikuwa cha Mzee Uwesu, mwenye nyumba, mtu wa Kilwa. Mumewe Theopista, Isidori, alipofariki, mashemeji walishuka kutoka Rombo kumchukua mjane kama mtu anayefuata ng'ombe wake. Uwesu aliwapa kahawa, kisha akawaambia, huyu ana kwao hapa. Kwa neno hilo Theopista aliishi miaka minne.

Idi ilipokaribia akataka kumshukuru kwa kazi ya mikono yake. Akachagua vipande vyeupe vitupu, akashona kofia kwa miezi miwili.

"Hariri tupu, baba," alijigamba.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nayo ndani.

Asubuhi ya Idi akatoka kwenda kuswali na kofia yake kuukuu. Theopista alimwona, moyo ukamchoma. Kumbe mkono wa Mkristo hauvaliki! Kumbe yale ya kusema ana kwao yalikuwa maneno ya kuwaondolea wageni mlangoni. Alishinda akishona mshono uleule na kuufumua.

Adhuhuri Uwesu akaja na ile kofia mkononi, akaketi.

"Mwanangu, kwa dini yetu mwanamume havai hariri."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa na furaha, nikashindwa. Nimekosa. Ungekuwa mtu baki ningeendelea kushukuru, nikaificha sandukuni hadi nife. Lakini mtoto wako humfichi."

Theopista akalia waziwazi, wapita njia wakimtazama.

"Utepe tumeruhusiwa," Mzee alisema taratibu, "usizidi vidole vinne. Utauzungushia kofia ya pamba. Haya, shika mkasi."

Akalaza vidole vyake vinne juu ya hariri. Theopista akakata akifuata mkono wa baba yake.