Kompyuta ya Viini Kumi na Sita

Zamani kule kijijini Mpitimbi, mama akishapika pombe ya komoni, baba alikuwa anaita majirani waje kulima shamba letu la mahindi, wanajipanga mstari na majembe yao, na kabla jua halijafika utosini shamba limekwisha na watu wanaimba (mjomba wangu mmoja alikuwa anakuja bila jembe, anasema amekuja kusimamia, lakini huyo tumwache). Basi nikakua nikijua jambo moja, kwamba watu wakiwa wengi kazi inakwisha upesi. Shule nilikaa kidogo sana, kwa hiyo hilo ndilo lililobaki kichwani, na ndilo lililoniaibisha mbele ya vijana wa mtaa wa Msamala.

Binti yangu Imelda alikuwa na kibanda cha gemu pale. Wateja walianza kumkimbia, wanavuka barabara kwa jamaa mwenye kompyuta mpya, na Imelda akasema Jumamosi ijayo wasiporudi anafunga. Akaamua kununua kompyuta ya nguvu, akanituma mimi mjini kwa sababu mwanawe alikuwa na homa. "Baba, chukua ile mpya yenye viini sita. Usichukue nyingine." (Viini ni kama vibarua waliomo ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndio wanaofanya kazi yote.)

Dukani nikaiona hiyo ya viini sita, ndogo, imejikalia. Pembeni yake kuna dude kubwa lililotumika ofisini miaka mingi, bei ileile.

"Shikamoo mzee," muuzaji akasema. "Hii ina viini kumi na sita, na kila kiini kina nyuzi mbili, kinashika kazi mbili kwa mpigo."

"Marahaba." Nikahesabu mpaka vidole vikaisha. Nikalipandisha dude kwenye bodaboda, nimelikumbatia kama mgonjwa.

Imelda alipoliona alilizunguka mara mbili, akihesabu vumbi. Nikamwambia, "Mwanangu, nani anaacha watu kumi na sita anaajiri sita?" Muda wa kulirudisha haukuwepo, ilikuwa ndiyo Jumamosi yenyewe na vijana walishajaa kibandani, maana njiani nilipita mwenyewe mpaka mtaa wa Bombambili nikiwatangazia.

Gemu ya mpira ikawashwa. Mshambuliaji akapiga hatua, akasimama. Akafikiri. Akapiga nyingine. Mpira ulikuwa hewani, mara umo wavuni, hapo katikati hatukuonyeshwa.

"Mzee, huyu mshambuliaji tumwitie padri ampake mafuta ya wagonjwa?" akauliza kijana mmoja, kwa adabu kabisa.

Ningenyamaza hapo, ingekuwa aibu ndogo. Lakini nikaona hawa vibarua wengine wamekaa bure kwa kukosa vipande vya kulima, nikamwamuru Imelda afungue na muziki, na filamu, na video ya kipaimara cha mjukuu wangu mkubwa. Akafungua. Vyote vikaenda vizuri sana, kwaya inaimba safi, askofu anapaka mafuta bila kukwama hata kidogo, na mshambuliaji bado amesimama, mguu mmoja juu.

"Baba," Imelda akasema taratibu, "gemu hii kazi yake kubwa inampa kibarua mmoja, wakizidi wawili. Wengine wanamtazama tu. Na huyo mmoja wa kwako ni mzee, mwendo hana."

"Na zile nyuzi mbili?"

"Ni mtu yuleyule, baba, ameshikishwa majembe mawili."

"Apumzishwe huyo, ni rika lako mzee!" akadakia mmoja nyuma, na hapo kibanda kizima kikaangua kicheko. Kisha wakatoka, wananiaga kwa heshima, wakavuka barabara wote. Imelda akaanza kupanga viti kimoja juu ya kingine, akazima swichi ukutani.

Siku hizi sinunui kitu kwa kuhesabu vichwa, nauliza kwanza yule wa mbele ana mbio kiasi gani. Lakini siku ile sikuwa na swali. Nilivaa kofia, nikamwambia Imelda nakwenda kununua vocha, nikalipita duka la vocha, nikawapita bodaboda walionijua, nikaenda zangu, na pale Msamala sijakanyaga tena.