Punje Nne za Rozari ya Mama

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, maana hakuna sketi iliyopita mbele ya kibaraza chake asiitie kasoro. Ulimi alikuwa nao, cherehani alikuwa nayo, muda wa kusali ndio hakuwa nao. Rozari ya marehemu mama yake, ya mbao nyeusi iliyolainishwa na vidole, aliitumbukiza kwenye kopo la zipu mbovu, akaisahau.

Siku moja blauzi ya mteja ilipungukiwa vifungo, na mwenyewe amesimama mlangoni anakuja juu. Mama Pindo akakata punje nne kutoka kumi la tatu la ile rozari, lenye punje kumi kama mengine, akafunga fundo palipobaki wazi, akazishona kwenye blauzi. Zikapendeza kweli kweli.

"Fundi hakwami!" akajisifu.

Baadaye baba yake alipata kiharusi, akahamia kwake. Maneno yote yalimpotea mzee. Kutwa alitikisa ukingo wa kitanda huku machozi yakimtoka, hatulizwi na dawa wala uji. Mpaka siku ile mkono wake mzima ulipochakura lile kopo na kuibuka na rozari ya mkewe. Akanyamaza hapo hapo. Midomo haikuweza, lakini vidole vilikumbuka: punje moja, Salamu Maria moja, kama walivyosali wawili hao tangu walipooana.

Kufika kumi la tatu, vidole vikapapasa. Punje sita, kisha fundo. Akarudi nyuma, akaanza upya. Fundo tena. Mzee wa watu akalia kama mtoto, na bintiye akatamani ardhi immeze.

Akajaribu kutunga vifungo vya plastiki. Mzee akavigusa, akaitupa rozari sakafuni. Basi Mama Pindo akafunga safari hadi kwa mwenye blauzi. Aliyefungua mlango ni mume.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata ile blauzi ya mkeo, yenye vifungo vyeusi. Nitamshonea nyingine mpya."

"Marahaba, mama. Lakini umechelewa. Tumemzika nayo. Aliipenda mno."

Alirudi analia njia nzima, hajali nani anamtazama.

Jioni hiyo alipiga magoti kando ya kitanda. Vidole vya baba vilipofika kwenye fundo, binti akaweka kidole chake hapo. Mzee akakipapasa. Ncha ilikuwa ngumu kwa kuchomwa na sindano miaka nenda rudi. Akakipokea. Binti akaongeza vingine; mzee akavuka cha pili, cha tatu, cha nne, kisha akaendelea na punje, na kwa mara ya kwanza akafika mwisho.

Tangu hapo, wateja wapige hodi wasipige, jua likizama cherehani ilinyamaza. Binti alitamka, baba alihesabu. Binti aliona sasa mama yake alikuwa ameshika nini miaka yote ile, na ilimuuma.

Halafu jioni moja baba alifika kwenye kidole cha pili, akakibana. Mama Pindo akamaliza Salamu Maria, akasubiri akivuke. Hakuvuka. Akaisema tena, na tena, polepole, kidole hakukiondoa, hata mkono uliokishika ulipokuwa umeshapoa.