Treni, Kanisa na Kofia ya Shemeji

Mji mkubwa wa kwanza kuuona maishani nilitembezwa na mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kutotuambia kwamba dada yangu amekufa. Ndiyo maana watu wakiniuliza, mimi niliyesoma hadi chuo kikuu na kujaza kurasa nyingi kuhusu miji, kama napenda kutembea mjini kwa miguu, huwajibu kwamba inategemea nani ametangulia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tukikaa Baraka. Dada alikuwa ameolewa na karani wa ghala huko Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekomaa. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Mama alimngoja binti yake, hakuja. Akafunga unga wa muhogo, chupa ya mawese na kitambaa cha kubebea mtoto, akanichukua mimi, tukapanda meli. Baba alibaki na nyavu zake. Hatukujua kwamba mjumbe wa msiba alikuwa njiani kuja kwetu, na kwamba tulipishana naye ziwani.

Shemeji alikuja gatini kuwapokea wazee wa ukoo, akiamini habari imeshafika. Akamwona mama mkwe wake anashuka na furushi kichwani, anacheka.

Nimemfikiria sana mtu yule katika dakika ile. Kwetu mkwe na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawashiki njia moja. Na kifo cha mwanamke hakitangazwi na mumewe. Kinatangazwa na mtu mzima wa ukoo wa marehemu. Mtu huyo alikuwepo mjini: baba mdogo, mpakuzi wa mizigo bandarini. Shemeji akaniambia mimi tungoje, akaenda kumwita, akarudi peke yake. Baadaye tulisikia ilivyokuwa. Baba mdogo aliomba ruhusa, msimamizi akamuuliza aliyekufa ni nani wake. Mtoto wangu, akajibu. Umemzaa wewe? Amezaliwa na kaka yangu. Basi si mtoto wako, rudi kazini mpaka king'ora cha jioni.

Nyumbani kwa shemeji, kwenye kambi ya wafanyakazi, wanawake walikuwa bado wamekaa matanga. Kumpeleka mama huko kulikuwa sawa na kumwambia. Kilichobaki ni mji.

Basi tukatembea, yeye upande mmoja wa barabara, mama upande wa pili, mimi nikivuka huku na huku na maneno yao.

"Ambia mama," alisema, "tupite kwanza ku gare. Gari ya moshi iko karibu kuingia."

Nikavuka. Mama akasema, "Umwambie mi sikukuja kuona gari ya moshi. Mutoto wangu iko wapi?"

Nikavuka tena. Shemeji alikuwa anatazama reli.

"Ambia mama, tutafika."

Nimepekua maneno yake ya siku ile kama wakili, sikukuta uongo hata mmoja. Tutafika, basi.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Mapadri walikuwa wamenipa Kifaransa cha kutosha kusoma vibao, nami nilimsomea mama vyote, duka la mikate, duka la dawa, posta, kana kwamba nimevijenga mwenyewe. Kibao kilichotokea mara nyingi kuliko vyote kilikuwa cha kutukataza kuingia. Nacho nilikisoma kwa fahari, kwa lafudhi safi. Nikaomba turudi stesheni kuitazama treni mara ya pili, na shemeji akakubali upesi mno.

"Huyu bwana anatutembeza kama mbuzi ya mnada," mama alisema. "Ama huu muji wote ni wa babake?"

Jua lilipoinama akatupeleka kanisani. Mama akaenda mbele, upande wa wanawake, akapiga magoti. Shemeji alibaki mlangoni, na kwa kuwa ni kanisa, akavua kofia aliyokuwa hajaivua kutwa. Mama hakugeuka. Mimi niligeuka.

Tulipotoka nikaona nimchekeshe mama, maana uso wake ulikuwa umechoka.

"Mama, kumbe shemeji amenyoa kichwa yote! Kinang'aa kama boga. Batu ba mujini, ni mambo yao."

Akasimama. "Umeona wapi?"

"Mu kanisa. Alitoa kofia."

Kwetu mwanamume hunyoa hivyo akifiwa. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimeshaamini kwamba mjini kila kitu kina maana mpya, hata kipara.

Mama akashusha furushi, akalitia mikononi mwangu, akavuka barabara katikati ya baiskeli. Akasimama mbele ya mkwe wake, akamtazama usoni.

"Toa kofia."

Akaivua. Mama alikitazama kichwa kile kwa muda.

"Na mutoto?"

"Naye pia, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza. Mama akakaa chini, mbele ya duka la Mgiriki. Mwenye duka akatoka, akatuonyesha kwa mkono kwamba tunaziba mlango. Tukasogea.

King'ora kikalia. Baba mdogo akaja mbio, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi, akaanza kama inavyotakiwa, kwa mbali, kwa safari yetu, kwa hali ya waliobaki Baraka, kwa Mungu anayetoa na kutwaa. Mama alimwacha aseme mpaka mwisho. Ilikuwa kazi yake, na alikuwa amezuiwa kuifanya kutwa nzima.

Tuliporudi Baraka wazee wa ukoo walikutana. Juu ya dada walisema machache. Kilichowakalisha mpaka jioni ni mama kumtazama mkwe usoni. Akachinjwa kuku mweupe kuyasafisha macho yake. Kisha wazee walewale, wakishamaliza kula, wakaniita uani niwaeleze gari ya moshi inafanana na nini.

Nilieleza vizuri sana. Hata mlio wake niliupiga, na wakacheka.

"Usisahau kanisa," mama akasema kutoka ndani.