Daktari wa Kwenye Simu

Wasomaji wa maktaba walimpa jina la Bi Kabati, wala halikumkera. Mkutubi aliyekaa na vitabu tangu usichana wake, anayejua kila kimoja kinalala wapi, aitwe nani tena? Kilichomkera ni siku kompyuta zilipoletwa, bosi akamwambia kuwa kazi yake sasa si kutunza vitabu tu, bali kuwasaidia watu kuchambua habari.

"Kwani habari ni mchele?" alimjibu. Lakini alijifunza, huku amenuna, mpaka vidole vikazoea.

Halafu mdogo wake, fundi wa gereji, akaacha dawa za presha.

Alikuwa ametumiwa ujumbe wenye picha kwenye simu: daktari bingwa, koti jeupe, tabasamu la kuaminika, anasema vidonge vya presha ni sumu, dawa ni maji ya kitunguu saumu. Bi Kabati alipoambiwa na wifi yake, moyo ulimlipuka. Baba yao alifariki kwa presha hiyohiyo, ghafla, hata chai hajamaliza. Na huyu mdogo wake ni yeye aliyemlea, akambeba mgongoni hadi mgongo ukamuuma. Hakuwa tayari kumzika kwa sababu ya picha.

Akamwita maktaba. Hapo akafanya kosa la kikutubi: akambwagia mezani kitabu cha tiba, kinene kama tofali.

Fundi akafunua kurasa za mwanzo. "Dada, hiki kimechapishwa kabla sijazaliwa. Hata gari la umri huu silipokei."

Alikuwa na haki. Bi Kabati akameza hasira, akamvutia kiti mbele ya kompyuta. "Kaa. Mimi sikwambii kitu. Ukiletewa spea usiyoijua, unauliza nini kwanza?"

"Imetoka wapi."

"Haya, uliza."

Akamwonyesha namna ya kuitafuta ile picha mtandaoni. Daktari bingwa akatokea, tabasamu lilelile, anauza magodoro. Chini yake ni rubani. Chini zaidi kavaa kofia ya ujenzi, anasifia rangi za nyumba.

"Huyu bwana ana kazi nyingi," fundi alisema, akacheka. Kicheko hakikufika mbali. Dada mtu alikuwa ameshamfungulia ukurasa wa hospitali, unaoeleza yanayompata mtu akiacha vidonge hivyo ghafla. Akausoma polepole, midomo ikicheza. Bi Kabati aliumia kumwona hivyo, lakini hakumwachia.

"Soma mpaka mwisho."

Akasoma. "Basi, nitarudi kliniki."

"Unarudi sasa hivi, na tunakwenda wote."

Fundi hakuinuka. "Dada, yule mzee wa gereji, aliyenifundisha kazi. Ujumbe nilimtumia mimi. Nilimwambia nimepona, naye azitupe dawa zake."

Bi Kabati aliinuka yeye kwanza. "Mpigie."

Simu iliita mpaka ikakatika. Fundi akapiga tena, amesimama katikati ya chumba cha kusomea, watu wote wakimtazama. Mkutubi hakumwambia anyamaze.

"Mzee, shikamoo," fundi alisema hatimaye, sauti juu. "Ule ujumbe wangu ni uongo. Hapana, sikusimuliwa, nimesoma kwa macho yangu. Usiniulize kitu sasa, mzee wangu. Vaa viatu, tunakupitia."