Eksirei ya Nyota Iliyokufa

Shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi pale Kibondo, ndiye aliyeanza. Jioni ile tulikuwa tunapura maharage uani. Akatoka na redio yake kutusimulia alichosikia: kuna nyota ililipuka zamani mno, na mabaki yake hadi leo yanatoa eksirei. Wazungu wamerusha chombo juu kabisa kuzipima, maana hewa yetu inazizuia zisitufikie. Nilifurahi, nilikuwa sijasikia fizikia tangu kidato cha nne. Mama mkwe aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo eksirei inatoka kwa maiti?"

Shemeji akacheka. "Maiti ya nyota, mama."

Mpumbavu yule.

Kesho yake mwanangu, hata meno hajaota, alikuwa anapumua mbavu zikididimia. Mganga wa zahanati akasema: Kasulu, hospitali, apigwe eksirei ya kifua leo leo. Mama mkwe akaziba mlango. Pale nyumbani mtoto asiye na meno hapitishwi hata penye matanga.

"Mama, ya hospitali inatoka kwenye mashine. Ya nyota haifiki huku!"

"Ni ileile au siyo ileile?"

"Ni ileile, lakini..."

"Basi."

Nikamgeukia shemeji. "Uliyecheka jana, sema sasa." Akainama kufunga kamba za viatu. Mume wangu naye akaketi kwenye kigoda, kama mgeni. Nikamfunga mtoto mgongoni. "Mama, nipishe au nikusukume." Mkwe hasemi hivyo kwetu. Mimi nilisema.

Akanipisha, kisha akanifuata mpaka kwenye lori, akitaka kuniona nikijuta.

Kasulu, mpiga eksirei alihitaji mtu wa kumshikilia mtoto wima, mikono juu. Akaniuliza, "Una mimba?" Nilikuwa nayo.

"Basi wewe toka. Mionzi si mizuri kwa aliye tumboni."

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Sikumbembeleza mama mkwe. Nilimsukumia mtoto kifuani.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Wakamvika aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, nzito, akayumba. "Nikifa, mwambie yule mjinga azikwe na redio yake."

Mlango ukafungwa. Nikasimama nje.

Picha ilionyesha upande mmoja wa kifua umejaa usaha. Wakautoa kwa sindano mchana uleule. Mtoto aliponyonya tena, alinibana kwa ufizi mpaka nikaruka.

Mume wangu alifika kesho yake na mkungu wa ndizi. Nikamwambia ampe mama yake.