Nguo Zilizoondoka kwenye Kamba

Nilikubali mke wangu asubiri. Hilo ndilo jambo ambalo ningelikataa kama ningeweza kurudi katika sebule yetu ya Nyalukemba, Jumapili ile baada ya misa, kaka yangu mkubwa akiwa amekaa kwenye kiti changu. Daktari alikuwa amegusa uvimbe kwenye titi la kushoto la mke wangu, akataka kutoa kipande kidogo kikapimwe. Lakini familia ya mchumba wa binti yetu, watu wa Nyangezi, walikuwa wameshatuma habari kwamba wanakuja kuzungumza dot, yaani mahari.

"Mudogo wangu," kaka aliniambia, "bakwe bakisikia kansa iko mu nyumba, batasema ni ugonjwa ya damu. Batasema na mutoto atakuwa nayo. Nani ataleta ngombe yake kwa batu ba kansa?"

"Daktari amesema tusikawie."

"Daktari ndiye ataoa binti yako? Ngombe ziingie kwanza. Kisha mutaenda ku hospitali hata kila siku."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Alinitazama mimi, hakumtazama kaka. Nikasema, "Bon, tusubiri kidogo." Akaweka sinia mezani, akarudi jikoni.

Tulificha kwa kila mtu, na zaidi kwa binti yetu. Yeye ni msaidizi wa kufundisha biolojia chuo kikuu, na siku hizo alikuwa bado anaishi nasi. Tulijua akigundua atasimamisha harusi yake mwenyewe. Baadaye uvimbe ulipoanza kutoa maji, libaya za mke wangu, blauzi zake, zilibaki na madoa ambayo sabuni haikuyamaliza. Kamba yetu ya nguo iko nyuma ya nyumba, mbele kabisa ya dirisha la jikoni. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu aanike nguo zake ndani, nyuma ya kitanda chetu, na dirisha lifungwe; mashati yangu yalibaki kwenye kamba. Chumba kikaanza kunuka ukungu.

Binti aliona.

"Papa, mbona nguo za maman sizioni tena ku kamba?"

"Mvua, mwanangu. Hauone vile mvua iko nanyesha?"

"Mais chemise zako ziko pale."

"Chemise ya muzee haiogope mvua."

Alicheka. Nikamwekea mkono begani, nikamwambia maman iko sawa, asichelewe kazini. Akaenda.

Siku ya dot mke wangu alijifunga kikwembe kipya kiunoni, akavaa libaya pana, akawapokea wageni, akawapakulia ugali na samaki kwa mkono wa kulia tu. Wakwe walimsifu kwamba ana heshima. Ng'ombe waliingia. Ndipo nilipaswa kumpeleka hospitali, lakini kaka akasema bado harusi ya kanisani. Kisha babu wa mchumba akafariki huko Walungu, harusi ikasogezwa mpaka matanga yaishe na mvua ipungue. Kila mara mke wangu aliniuliza kwa macho, na kila mara nilijibu, "Kidogo tu."

Tulipofika hospitali baada ya harusi, ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa na ini. Daktari alisema uvimbe ulipokuwa mdogo angeukata. Sasa hakukuwa tena na cha kukata.

Asubuhi moja binti yetu alikuwa akimsuka mama yake kitandani, nywele chache zilizobaki. Mke wangu akamwuliza, "We mwenye kusoma, askari ya mwili yangu yalikuwa wapi?"

"Yalikuwako, maman." Akafikiri kidogo, kama anavyofanya mbele ya wanafunzi wake. "Kila chembe ya mwili inaanika inje vipande vidogo vya protini, vya vile inatengeneza ndani. Askari inapita, inagusa na vipokezi vyake. Kama kipande ni kigeni, inaua hiyo chembe."

"Na yangu haikugusa?"

"Kansa ingine inaondoa vyenye ilikuwa inaanika. Askari inakuta kamba tupu."

"Kamba tupu haimushangaze?"

"Kuko askari ingine yenye kushuku kamba tupu. Lakini kansa inajua kuituliza nayo. Iko na protini ya kuweka juu ya askari, kama mukono ku bega. Inagusa kipokezi cha breki, askari inasikia: yote iko sawa, pita. Inapita."

Mke wangu akacheka mpaka akakohoa. "Basi kansa yangu ilikuwa na adabu. Hata chai iliwapa."

Binti alicheka naye. Halafu mkono wake ukasimama kwenye nywele. Akageuka, akanitazama pale nilipokaa kwenye kiti cha plastiki. Aliendelea kusuka. Nilimwuliza, ili niseme neno lolote, kama hakuna dawa ya kuondoa mkono huo. Akajibu bila kugeuka kwamba zipo katika nchi zingine, kwamba hazisaidii kila mgonjwa, na kwamba hapa kwetu hatutazipata.

Tulimzika kabla mjukuu wetu wa kwanza hajazaliwa. Kwenye matanga mama mkwe wa binti yangu alikaa karibu nami, akaniambia dada yake naye alikuwa na kansa ya titi, Nyangezi nzima inajua. "Tonton, mungesema tu. Ngombe tungezileta vilevile." Kaka yangu alikuwa amekaa nyuma yetu na alisikia. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Yeye alishauri, mume nilikuwa mimi.

Binti yangu anakuja kila juma na chakula. Ananisalimia vizuri, anauliza kama nimelala. Nikisema niko sawa, haitikii. Anapita jikoni, anafungua dirisha, anatazama kamba ya nguo, anazihesabu chemise zangu kwa macho. Akimaliza ndipo anakaa.

Kusubiri kule kulinigharimu mke wangu, ambaye angeweza kukatwa uvimbe akaishi. Na kulinigharimu neno langu kwa binti yangu: ninapomwambia kitu, haamini mpaka aone mwenyewe.